Vidole Viwili Vilivyobaki Vimekunjwa

Siku ya kuniaga mlinipa thamosi, leso mbili na hotuba nne. Thamosi naitumia kila siku na leso nimegawana na dada yangu. Hotuba zilikuwa nzuri, ila sikumsikia hata mmoja akieleza nilikuwa nafanya kazi gani. Siwalaumu. Mume wangu miaka yote aliwaambia watu kuwa mimi ni "wa kotini", na wapo majirani mpaka leo wanaodhani ni mimi niliyekuwa nafunga watu. Kazi yangu ilikuwa kusema maneno ya watu wengine bila kuongeza wala kupunguza. Mercy, mkalimani mwenzenu, ameniomba niwaandikie ninayoyakumbuka, hasa ninyi mlioajiriwa majuzi, nami nimekubali upesi kabla sijayasahau.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilikuja vimechelewa na mishahara ilikuja imechoka. Mahakama yenyewe pia sitaitaja jina. Ilikuwa kati ya Migori na Homa Bay, na wanaoijua wataikumbuka kwa paa lake. Mvua ikipiga mabati yale hakuna lugha iliyosikika humo ndani, basi kesi zilisimama, hakimu akanywa chai, na mshtakiwa akapata nusu saa zaidi ya kupanga uongo wake.

Naitwa Rosa Boke. Mama yangu ni wa Ntimaru, Mkuria, na baba alikuwa Mjaluo wa Rangwe. Nyumbani kwetu mtu aligombezwa kwa Kikuria na kusamehewa kwa Dholuo, kwa hiyo lugha zote mbili nilizijua kwa sababu nzuri. Kiswahili na Kiingereza nilivipata shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mahakama ile ilikuwa inahangaika, kesi za Wakuria zikiahirishwa kila wiki kwa kukosa mtu wa kuwasemea, ndipo nikaajiriwa. Wazee wa kazi waliniita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, ingawa ni nusu tu.

Niliripoti Jumatatu moja yenye matope, viatu mkononi na barua ndani ya bahasha ya kaki. Masijala wakanielekeza kwa Mzee Zablon, mkalimani wa Dholuo, aliyekuwa pale tangu kabla ya hakimu, kabla ya meza, na wengine walisema kabla ya ukuta. Alikuwa mwembamba, koti la kijivu, na tai ambayo nadhani aliifunga mara moja tu maishani, baada ya hapo akawa anaivaa na kuivua kwa kichwa. Hakunisalimia. Aliniketisha, akanisimulia kwa Dholuo habari ya wizi wa ng'ombe: walikuwa wangapi, wa nani, waliibwa saa ngapi, walivushwa mto gani, nani aliona, na yupi alikuwa na pembe iliyovunjika. Kisha akaniambia niirudie kwa Kikuria. Niliirudia kwa madaha, mikono ikiruka. Kikuria chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha kunikamata.

"Na yule wa pembe iliyovunjika ameenda wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimemsahau kabisa.

"Basi umemwiba wewe," akasema. "Polisi wako hapo nje."

Ndiyo siku aliyonifunza vidole. Kila jambo shahidi analolisema, kunja kidole kimoja chini ya meza. Mambo, si maneno, kwa maana maneno ni mengi na mengine ni ya kupoza ulimi tu. Ngumi ikijaa, inua mkono wa pili umsimamishe shahidi, hata kama analia. Halafu tafsiri, na kila jambo unapolitoa, fungua kidole chake. Yeye aliweza kujaza mikono yote miwili kabla ya kumsimamisha mtu, na alianza kutafsiri shahidi hajafumba mdomo. Daftari alikuwa nalo, lakini alilikalia ili suruali isishike vumbi la benchi. Alisema kalamu husikia nusu.

"Ukimaliza, uangalie mkono wako, nyathina," aliniambia, akiniita mwanangu kwa mara ya kwanza. "Kidole kikibaki kimekunjwa, kuna mtu atafungwa kwa sababu yake."

Alinipa na mambo mengine madogo madogo. Nisile ndizi kabla ya kesi ndefu, maana inaleta usingizi. Niwe na pipi ya mnanaa mfukoni, kwani kinywa kikavu hupoteza majina. Nisimtazame mshtakiwa usoni siku ya hukumu. Na sheria moja aliyoisema kwa kidole kilichonyooshwa: mkalimani hamsahihishi mkalimani mwenzake mbele ya watu. Likiwapo la kusahihisha, ni korido, tena kwa sauti ya chini, kwa kuwa mtama haumwagwi penye kuku wengi. Nilikubali bila kufikiri. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na yeye angeweza kuwa baba yangu, na kwetu mtoto hamwambii mzee mbele za watu kwamba amekosea hata kama amevaa shati nje ndani.

Miaka ile ya mwanzo nilikula chumvi ya kazi. Nilitafsiri kesi ya mzee mmoja aliyekuwa rika la baba mkwe wangu, akashindwa kutaja mbele yangu ni wapi hasa fahali wa jirani alimpiga pembe. Adabu ya wakwe ilimziba mdomo. Aliinuka, akaonyesha kwenye kiti. Hakimu akaniuliza shahidi amesemaje, nikajibu kuwa shahidi amesema kiti. Mzee Zablon alikohoa kwa muda mrefu sana. Baadaye hakimu aliandika "sehemu ya chini ya mwili" na kesi ikaendelea, lakini mpaka leo nikimkuta mtoto wa mzee yule sokoni huwa natafuta njia nyingine.

Katika mwaka wangu wa tatu, au wa nne, nilianza kuona kitu kwa Mzee. Kwanza ilikuwa ile nafasi ndogo. Shahidi akinyamaza, Mzee naye alinyamaza, kiasi cha mtu kuhesabu moja, mbili, halafu ndipo anaanza. Alipoanza alisema sawasawa, kwa Kiswahili kilekile kizuri kuliko changu. Kisha mikono miwili ikawa mmoja, na siku nyingine alimsimamisha shahidi akiwa na vidole vitatu tu. Nilidhani ni mashahidi wamekuwa wasemaji.

Baadaye lugha zikaanza kumponyoka. Siku moja alimgeukia hakimu, mtu wa kutoka mbali asiyejua hata salamu ya "amosi", akamtafsiria maelezo yote kwa Dholuo, kwa sauti ya heshima, mpaka mwisho. Hakimu aliandika tarehe, akangoja. Mara nyingine kijana mmoja aliyekamatwa na fahali wa watu alijitetea kwamba alikuwa amemshikia rafiki kamba tu. Mzee alitafsiri, kisha akaongeza, "Na mimi ni Mzungu." Watu wakaangua kicheko. Yeye mwenyewe alishtuka, akafunika mdomo kwa leso. Huyu alikuwa mtu ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuongeza hata kikohozi cha kwake kwenye ushahidi. Ulimi hauna mfupa, lakini wake ulikuwa na mlinzi, na mlinzi yule alikuwa ameanza kusinzia.

Jibu la mambo haya nililipata kwa nzige. Kulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba, na shahidi mmoja mkongwe kutoka Rangwe hakujua alizaliwa mwaka gani. Hapo ndipo Mzee Zablon alipokuwa bingwa. Aliwauliza wazee njaa gani wanaikumbuka, chifu gani, nzige gani, na kutoka hapo akampa hakimu umri wa kuandika. Mkongwe akasema nzige walipokuja yeye alikuwa ameshaoa. Hakimu akauliza nzige hao walikuja lini.

"Wakati wa vita vya Hitla, Mheshimiwa," Mzee akajibu bila kusita hata kidogo. "Mimi nilikuwa mvulana mkubwa, nachunga ng'ombe wa baba. Nzige niliwapigia debe kuwafukuza mpaka mkono ukavimba."

Hakimu aliandika umri wa mkongwe, kesi ikasonga. Mimi nilibaki na nzige. Kwa kitambulisho, Mzee alikuwa na miaka hamsini na minne, amebakiza mmoja astaafu. Lakini mtu wa hamsini na minne wakati wa vita vile alikuwa bado mgongoni kwa mama yake. Saa ya chai, kwenye kibanda cha nyuma ya mahakama, nilimtazama akikoroga sukari, na yeye akanitazama nikipiga hesabu.

Alinieleza mwenyewe. Alipotaka kuanza shule alikuwa tayari na ndevu mbili tatu, na mwalimu hakuwa anaandikisha wanaume. Basi alikata miaka kumi. Wengi wa rika lake walifanya hivyo, na karatasi ikishaandikwa ndiyo inayokuzaa upya. "Niliikata kama suruali ndefu," akasema. "Ikanikaa vizuri sana, Nyar Kuria. Lakini miguu ni ileile." Kwa hiyo nilikuwa nimeketi na mtu wa miaka sitini na minne au zaidi, anayefanya kazi ya kubeba maneno ya watu kichwani kutwa nzima, na serikali inamhesabu kuwa kijana. Nilimwonea huruma, na nilimwogopea. Nilimwuliza kama hafikirii kupumzika. Akasema akili ipo, ila siku hizi inafika imechelewa na kukuta wenzake wameshaketi.

Hakimu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na majalada mengi na mgongo unaomuuma. Wiki moja Mzee alimsimamisha shahidi mara tatu katika sentensi moja, naye hakimu akaweka kalamu chini, akasema mbele ya watu wote, "Mzee, tunakungoja wewe, ama tunangoja kurudi kwa Yesu?" Chumba kizima kilicheka, hata washtakiwa. Tangu siku ile Mzee hakuinua tena mkono kumsimamisha mtu. Aliwaacha mashahidi wamwage, na yeye akaokota alichoweza. Nililiona hilo na sikusema kitu. Nilijiambia ni mwaka mmoja tu umebaki.

Kesi ya Mwita ilianguka katikati ya mwezi uleule. Mwita alikuwa kijana wa Ntimaru, miaka ishirini na miwili hivi, aliyekuwa akivunja mawe kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri. Jioni moja, jua halijazama, mlinzi wa mashine ya kusagia mawe alipigwa chuma kichwani na pampu ikaibwa. Mlinzi hakumwona aliyempiga. Polisi walipita wakiuliza, wakamkuta Mwita na shati lenye damu. Hawakuwa na kitu kingine, lakini damu kwenye shati inatosha kumtia mtu ndani miaka mingi ikiwa hakuna anayeieleza. Wakili hakuwa naye. Mama yake alikuja kutoka Ntimaru na kuketi benchi ya nyuma kabisa, mkoba mapajani. Asubuhi ile alinishika mkono mlangoni, akaniuliza kwa Kikuria kama watamwachilia mwanawe. Nilimjibu kwamba mimi nasema maneno ya watu tu. Ni jibu sahihi, na sijawahi kulipenda.

Shahidi mkuu wa polisi alikuwa Min Akoth, mama wa Kijaluo aliyeuza uji na chakula pale machimboni. Polisi walikuwa wamemwuliza kama aliona damu, akajibu ndiyo, wakafunga daftari. Sasa alikuwa kwenye kizimba cha mashahidi. Kazi ilipangwa hivi: Mzee Zablon alisikia Dholuo na kumpa hakimu Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza chake. Mimi nilisimama kando ya Mwita, namnong'onezea Kikuria jambo kwa jambo. Mwita hakujua Dholuo, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia sigara.

Mwendesha mashtaka akamwuliza Min Akoth aliona nini. Mama yule alikuwa ameacha sufuria zake kwa jirani, na alisema yote kwa pumzi moja ili arudi. Kwamba anamjua Mwita, hula kwake kila siku. Kwamba jioni ile alikuja. Kwamba shati lake lilikuwa na damu. Kwamba damu hiyo ilikuwa ya mbuzi wake yeye Min Akoth, ambaye Mwita alimsaidia kumchinja mchana wa siku ile. Na kwamba mlinzi alipopiga yowe, Mwita alikuwa ameketi mbele yake, bakuli mkononi, akingoja kuongezewa. Nilimpa Mwita yote matano, na nilimsikia akishusha pumzi. Akatabasamu.

Chini ya meza Mzee alikuwa amekunja vitano. Nilikuwa nauona mkono wake vizuri kutoka pale kando ya Mwita. Alianza kutafsiri. Shahidi anamjua mshtakiwa, akafungua kidole gumba. Mshtakiwa alikuja kwake jioni ile, akafungua cha pili. Shati lake lilikuwa na damu, akafungua cha tatu. Kisha akanyamaza. Akautazama mkono wake, vile vidole viwili vilivyobaki vimekunjwa, kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyowahi kukaa. Hakimu akauliza, "Ni hayo tu?" Mzee akasema, "Ni hayo, Mheshimiwa," akautia mkono mfukoni.

Hakimu aliandika, kisha akainua macho, akamwona Mwita anatabasamu. Akaniambia nimwambie kwamba hapa si mahali pa kucheka. Nikamwambia. Mwita akafuta tabasamu, akashangaa amekosea wapi. Humo chumbani mlikuwa na ushahidi wa aina mbili, mmoja masikioni mwa Mwita na mwingine kwenye karatasi ya hakimu, na aliyejua kwamba haufanani nilikuwa ni mimi peke yangu.

Hakimu akamwuliza mshtakiwa kama ana swali kwa shahidi. Nikauliza. Mwita akanijibu kwa Kikuria, kwa moyo mweupe kabisa, "Sina swali. Mama amesema ukweli."

Haya yalikuwa maneno matano, na kazi yangu ilikuwa kuyasema. Nikiyasema jinsi yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza, Mwita angekuwa amekubali mbele ya hakimu kwamba alikuja kwa Min Akoth na damu ya mlinzi shatini. Ningemfunga kwa ulimi wangu mwenyewe, tena kwa tafsiri isiyo na kosa. Nilimtazama Mzee. Alikuwa ametazama sakafu. Nilimfikiria yule ng'ombe wa pembe iliyovunjika, na sheria ya korido, na kile kicheko cha wiki iliyopita, na nilijua nikimsahihisha hapo, chumba kitacheka tena na Mzee hataingia humo siku nyingine. Nyuma kabisa mama wa Ntimaru alikuwa ananiangalia mdomo.

Nikainua mkono.

"Mheshimiwa, kabla sijatafsiri jibu la mshtakiwa, naomba shahidi arudie maelezo yake. Mimi nimepoteza mambo mawili."

Hakimu hakufurahi. Aliniuliza nimepotezaje ilhali si mimi niliyekuwa namtafsiria yeye. Nikamjibu kuwa nilikuwa namtafsiria mshtakiwa, na mshtakiwa ana haki ya kusikia yote. Ulikuwa uongo, na nilikuwa nimeapishwa. Uongo ule nimeuungama kanisani mara moja, na ningerudishwa pale leo ningeusema tena. Hakimu akapumua, akasema haya, arudie, kwa vipande.

Min Akoth alilalamika kwamba ameshasema na ugali wake unaungua, lakini alirudia. Safari hii Mzee alimsimamisha kila jambo moja. Walipofika kwa mbuzi, kalamu ya hakimu ilisimama.

"Hii ya mbuzi haikuwapo," akasema.

Mwendesha mashtaka akaanza kuinuka. Nilifungua mdomo kusema tena kwamba kosa ni langu, lakini Mzee Zablon alikuwa ameshasimama. Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, na hakuna aliyemharakisha.

"Mheshimiwa, huyu binti hajapoteza kitu," akasema. "Aliyepoteza ni mimi. Shahidi alisema mambo matano mara ya kwanza, mimi nikatoa matatu. Mawili yalibaki mkononi mwangu. Nilijua yapo, sikujua tena ni yapi, na niliona haya kuuliza."

Hakuna aliyecheka. Hakimu alikaa muda mrefu akitazama karatasi yake, na mimi nadhani naye alikuwa anakumbuka alichosema wiki ile. Mwishowe alikata mstari, akaandika upya, akamsikiliza Min Akoth mpaka kwenye bakuli. Kisha akasema, "Keti, Mzee. Kuanzia leo msimamishe shahidi wakati wowote unaotaka. Nitangoja." Akanigeukia mimi, akauliza mshtakiwa alikuwa amejibu nini.

"Hana swali, Mheshimiwa. Anasema mama amesema ukweli."

Mwita aliachiliwa kesi ilipokwisha. Mama yake alinishika mikono yote miwili, hakusema neno, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kutafsiri. Lakini siku ile ya Min Akoth, tulipotoka, nilimfuata Mzee koridoni nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Nilikuwa nimevunja sheria yake na kusema uongo juu yake. Alikuwa ameegemea ukuta, akipangusa miwani.

"Ulihesabu ngapi?" akaniuliza.

"Tano, Mzee."

"Na mimi nilihesabu tano." Alivaa miwani. "Kuhesabu bado naweza." Halafu machozi yakamtoka, nami nikasimama mbele yake ili makarani wasione.

Wiki hiyo aliandika barua kwa mkono wake, akaomba aachwe apumzike, na ndani yake akaeleza umri wake wa kweli, nzige na debe na yote. Karatasi zilichukua miezi, kama kawaida ya karatasi. Katika miezi ile alifanya kazi kwa vidole viwili. Kesi zilirefuka, watu walipiga miayo, mwendesha mashtaka alijifunza kuja na gazeti, lakini sikuona tena kidole kilichobaki. Nami nilinunua daftari, nikaanza kuandika majina na namba, kwa kuwa kalamu ikisikia nusu, basi ile nusu nyingine angalau mtu ana nafasi ya kuishika.

Nilimtembelea Rangwe mara nyingi baada ya hapo. Majirani walikuwa wanampelekea ugomvi wao wa mipaka, na alikuwa mzuri kuliko mahakama. Aliwasikiliza asubuhi, akawaambia waje kesho kutwa. Alisema ulimwengu wote wa maneno bado anao, na mengine ameyaelewa uzeeni tu, ila mlango wa kuyatolea umekuwa mwembamba, yapite moja moja. Asipoharakishwa hakukosea. Aliharibikiwa tu watu wawili wakisema kwa pamoja, na pale redio ilipokuwa inaimba. Jina langu wakati mwingine lilimchelewea, akaniita "yule wa pembe iliyovunjika", na wote tulijua ni nani.

Miaka imekwenda, wakalimani wamekuja na kuondoka, nami mikono yangu miwili ikawa mmoja. Mmeniona mkanyamaza, na nawashukuru. Mmeniona nikisimama mbele ya kompyuta mpya nikitafuta neno la siri nililolitunga mwenyewe asubuhi. Mlinisikia nikimwamkia hakimu kwa Kikuria. Ninyi mlioajiriwa majuzi mnatafsiri upesi mpaka raha, na nawaombea mbaki hivyo muda mrefu. Ujana ni moshi, lakini moshi nao una kazi yake.

Mwezi wangu wa mwisho kulikuwa na kesi ndogo ya ua uliobomolewa. Shahidi alisema haraka, daftari likanikimbia, nikategemea vidole. Nilikunja vinne. Nilitafsiri, nikafungua kimoja, viwili, vitatu. Kisha nikautazama mkono wangu. Niwaambie ukweli, kuona haya ni kitu kizito. Hakimu alikuwa ameshaanza kufunga jalada, ua wenyewe ulikuwa wa miti michache, na nani angejua? Nilikaa na kidole kile kwa muda ambao sikuupenda. Ndipo nikainua mkono nikasema, "Mheshimiwa, naomba arudie. Nimepoteza moja." Hakimu, binti mdogo kwangu, akasema, "Sawa, Mama," na shahidi akarudia. Lilikuwa jina la aliyebomoa.

Mercy alinifuata koridoni. Alikuwa zamu na mimi siku ile, upande wa pili wa meza.

"Niliona, Mama," akasema. "Kilibaki cha pete."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Na nisingesema?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto. "Ningeinua mkono, niseme ni mimi nimepoteza."

Sikuwa nimewahi kumsimulia habari za Mwita wala za Mzee Zablon. Nilitia mkono mfukoni nikatoa pipi mbili za mnanaa, moja yake, moja yangu, tukarudi ndani, kwa kuwa kesi iliyofuata ilikuwa imeshaitwa.